Uzima wa Manamba: Mkonge, Maradhi na Ulemavu katika Historia Yetu

Waswahili wakutanapo huulizana hali kabla ya kuulizana habari nyingine yoyote. "Hujambo? Mzima? Watoto hawajambo?" Katika salamu hizi uzima si jambo la mwili wa mtu mmoja peke yake. Anayeulizwa hujibu kwa niaba ya nyumba nzima, na akisema kwamba mama mkwe hajiwezi, basi amekwisha kutoa habari inayomhusu hata yule aliyeuliza, kwani kesho yake itampasa kwenda kumjulia hali. Hivyo ndivyo wazee wetu walivyoulewa uzima: ni kitu cha jamaa na majirani, na kinapopungua kwa mmoja hupungua kwa wote.

Lakini katika historia ya nchi yetu ulifika wakati ambapo neno hili lilipewa maana nyingine. Katika mashamba makubwa ya mkoloni, aliyehesabiwa kuwa mzima ni yule aliyeweza kumaliza kazi aliyopimiwa kwa siku. Asiyeweza aliitwa mgonjwa kwa siku chache, kisha akaitwa mvivu, na mwisho akawa si kitu tena katika daftari la mwajiri. Katika makala haya tutajaribu kueleza jinsi mabadiliko hayo yalivyotokea, na tutatumia mfano mmoja tunaoufahamu vizuri, yaani mashamba ya mkonge ya Tanga na wafanyakazi wake walioitwa manamba. Nia yetu ni kuonyesha kwamba maradhi na ulemavu, ingawa huonekana kuwa mambo ya maumbile au ya bahati mbaya, vina historia yake, na kwamba historia hiyo haiwezi kutengwa na historia ya mali.

Kabla ya mkonge

Hatutaki kusema kwamba kabla ya ubepari babu zetu hawakuugua. Ndui, malale, malaria na ukoma vilikuwapo. Wala hatutaki kusema kwamba kila mlemavu alitendewa wema. Zilikuwapo jamii zilizowatenga wenye ukoma, na zilikuwapo mila zilizowanyima watoto wengine haki ya kuishi kwa sababu ya jinsi walivyozaliwa. Mwanafunzi wa historia hana budi kuyakiri hayo. Hata hivyo, katika uchumi wa jembe na mifugo kazi zilikuwa za namna nyingi. Asiyeweza kulima aliweza kuwinga ndege shambani, kusuka mikeka, kuchonga mipini, kulea watoto au kuamua mashauri. Kazi ilitafutwa imfae mtu, na chungu kilikuwa kimoja.

Biashara ya masafa marefu ndiyo iliyoanza kuitikisa hali hiyo. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipitisha maradhi katika njia zile zile zilizopitisha bidhaa. Kipindupindu kilichoua watu wengi sana Unguja katika miaka ya 1869 na 1870 kilifika kwa kufuata njia za biashara, na daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi mjini humo, alizifuatilia njia hizo na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1876. Hata funza, ambaye leo tunamdhania kuwa ni mwenyeji wetu, ni mgeni. Aliletwa Angola na meli kutoka Brazili mwaka 1872, akavuka bara zima pamoja na wapagazi, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amekwisha fika pwani ya Afrika Mashariki. Watu wengi walipoteza vidole vya miguu kwa ajili yake. Kwa hiyo tangu mwanzo soko lilipofungua njia, mwili wa mchukuzi ndio uliolipa ushuru.

Mambo mawili ya mwaka 1884

Mwaka 1884 yalitokea mambo mawili ambayo kwa kawaida hatuyasomi pamoja. Mwezi Julai, Ujerumani ilitoa sheria ya bima ya ajali kazini. Mfanyakazi wa kiwanda aliyekatika mkono au kuvunjika mguu alipata haki ya kulipwa. Sheria hiyo haikutokana na huruma ya matajiri. Wafanyakazi wa Ujerumani walikuwa wamejiunga katika vyama na chama chao cha siasa kilikuwa kikipata nguvu, na Bismarck alitaka kuwatuliza kabla hawajamshinda. Miezi michache baadaye, Carl Peters alikuwa Usagara na nchi za jirani akiwatia machifu wetu sahihi katika mikataba wasiyoielewa. Mwezi Februari mwaka 1885 serikali ile ile ya Bismarck ikazichukua nchi hizo chini ya ulinzi wake.

Basi tazama: dola moja, mwaka mmoja. Huko kwao ilikubali kwamba mwili wa mfanyakazi ukiharibika kazini ni lazima mwenye kiwanda aujibie. Huku kwetu ilitafuta watu ambao miili yao haingedaiwa na mtu yeyote. Uingereza nayo ilipitisha sheria yake ya fidia mwaka 1897, lakini mfanyakazi wa Tanganyika alingoja mpaka mwisho wa miaka ya 1940 kupata sheria ya namna hiyo. Tofauti hii haikuwa usahaulifu. Faida ya shamba la koloni ilitegemea kutolipa gharama ambazo huko Ulaya zilikwisha kuwa lazima.

Mkonge na watu wake

Mkonge si mmea wa asili ya Afrika. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani, aliagiza miche yake kutoka Florida, Marekani, na asili yake ni Mexico. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, ni 62 tu iliyofika hai mwaka 1893. Kutokana na miche hiyo yalizaliwa mashamba yaliyoenea kuanzia Pangani na Tanga, yakifuata reli ya Usambara, hata Korogwe na Mombo, na baadaye Morogoro, Kilosa na Lindi. Kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka, nayo ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani.

Miche ilipatikana, na ardhi ilinyang'anywa, watu je? Hakuna mkulima mwenye shamba lake aliyependa kuliacha ili akakate majani yenye miiba kwa ujira mdogo. Ndipo yakatumika mabavu na kodi. Kodi ya nyumba iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1890 ilimlazimu kila mwenye nyumba kutafuta fedha. Mwaka 1907, katika wilaya iliyoitwa Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, watu walipewa kadi zilizowalazimisha kufanya kazi siku 30 katika kila miezi minne kwa walowezi. Wakati wa utawala wa Waingereza, mikoa ya mbali kama Kigoma na Songea iliachwa bila barabara nzuri na bila zao la biashara la kutosha, hata ikawa zao lake kubwa ni vijana wake. Wengine walitoka Burundi, Rwanda na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, na kutokana na namba hiyo wakaitwa manamba. Mtu aliyekuwa na jina, ukoo na mtani, akawa tarakimu.

Mwili unaopimwa

Kabla ya kuandikishwa, kijana alikaguliwa mwili wake. Aliyeonekana dhaifu, mwenye kifua kibovu au mguu uliopinda, alirudishwa nyumbani. Mtu anaweza kusema kwamba huo ulikuwa ni utaratibu wa afya tu. Lakini tukifikiri sana tutaona kwamba hapo ndipo ulemavu ulipopewa maana mpya. Kijana mwenye mguu uliopinda ambaye kijijini kwake alikuwa mfuga nyuki hodari, sasa alihukumiwa kuwa hafai. Hakufaa kwa nini? Hakufaa kwa kukata mkonge. Lakini kwa kuwa kodi ililipwa kwa fedha, na fedha ilipatikana kwa kazi hiyo, asiyefaa kwa mkonge alianza kuonekana kuwa hafai kwa lolote. Aliyewekwa kando na soko la kazi aliitwa "asiyejiweza", kana kwamba udhaifu ulitoka ndani yake mwenyewe.

Aliyekubaliwa alisafiri siku nyingi hadi kambini. Wengi walitoka katika nchi za baridi zilizo juu, ambako malaria ilikuwa adimu, wakashuka katika mabonde ya joto ambako mbu walijaa. Ni kweli kwamba mbu ndiye aambukizaye malaria. Lakini mbu hakuamua kambi ijengwe wapi, wala hakuamua watu wangapi walale katika chumba kimoja. Vivyo hivyo safura. Mnyoo wake huingia kwa nyayo za miguu katika udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi. Ili usambae unahitaji vitu viwili, watu wasio na viatu na kambi isiyo na vyoo vya kutosha, na vyote viwili vilikuwapo kwa sababu kuviondoa kulihitaji fedha. Mwenye safura hupungukiwa damu, hupumua kwa shida na huchoka upesi. Nyapara aliyemwona amekaa chini ya kivuli hakuiona safura, aliona uvivu. Ni mara nyingi mno tumesoma katika maandishi ya wakoloni kwamba Mwafrika ni mvivu kwa tabia, na ni mara chache sana tumesoma kwamba alikuwa na njaa na damu yake imepungua.

Chakula nacho kilipimwa. Posho ya unga wa mahindi na maharage ilikadiriwa imtoshe mtu mmoja, mwanamume, kwa siku za kazi. Mboga, matunda na samaki alivyovizoea kwao vilikuwa mbali. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi yenye nafasi ya siku 30 za kazi. Siku aliyofanya kazi iliandikwa. Siku aliyougua haikuhesabiwa, na mshahara ulingoja hadi kadi ijae. Kwa hiyo homa ya siku tano ilirefusha mwezi wake kwa siku tano. Mtu mwenye homa alikuwa na sababu nzuri ya kujificha na kwenda shambani akitetemeka.

Miiba, korona na vumbi

Kazi yenyewe ilikuwa na maradhi yake. Ncha ya jani la mkonge ni mwiba mgumu kama sindano, nao ukimpata mtu jichoni huweza kumpofusha. Utomvu wake huwasha ngozi ikawa na vidonda. Mkataji alikata majani tangu alfajiri, akayafunga matita ya majani 30, akayabeba hadi kando ya reli ndogo ya troli. Kiwandani ilikuwapo mashine iitwayo korona, inayoponda majani na kuacha singa. Mashine za zamani zaidi zililishwa kwa mkono, jani moja moja, na aliyechoka au kusinzia aliweza kuvutwa mkono pamoja na jani. Katika chumba cha brashi, mahali singa kavu zinaposuguliwa, vumbi lilitanda hewani. Waliokaa humo muda mrefu walipata kikohozi na kubanwa kifua, na utaalamu wa baadaye umethibitisha kwamba vumbi hilo huleta maradhi ya mapafu.

Inasemekana kwa haki kwamba katika jani la mkonge, sehemu nne hivi tu katika mia ndizo singa. Zinazobaki hutupwa zikaoza nyuma ya kiwanda. Manamba naye alitendewa vivyo hivyo. Zilitolewa nguvu zake za ujana, na kilichobaki kikarudishwa kwao.

Bei ya mkono

Sheria ya fidia ilipokuja Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1940, ilikuwa hatua ya mbele, nasi hatuna sababu ya kuibeza. Lakini tuichunguze namna yake. Mwili uligawanywa katika orodha: kidole gumba asilimia fulani, jicho asilimia fulani, mkono asilimia fulani. Kisha asilimia hiyo ikapigiwa hesabu kwa mshahara. Maana yake ni kwamba mkono wa mwenye mshahara mdogo ulikuwa na bei ndogo, na mkono wa bwana shamba ulikuwa na bei kubwa, ingawa mikono yote miwili hushika jembe na hubeba mtoto. Kikohozi kilichoanza polepole na safura havikuwa rahisi kuingizwa katika orodha kama kidole kilichokatika, na mtu ambaye maradhi yake yalidhihirika baada ya kurudi Songea hakuwa na pa kuyapeleka madai yake.

Hapo ndipo tunapomkuta mtu ambaye historia imemsahau, naye ni mwanamke aliyebaki kijijini. Mshahara wa manamba ulikadiriwa kana kwamba hana mke wala mtoto. Familia yake ililishwa na jembe la mkewe, na alipougua hata asifae tena, aliuguzwa na mkewe, mama yake na dada zake. Mtoto aliyelelewa na kijiji alipofikia umri wa kufanya kazi alichukuliwa na shamba, na shamba lilipomaliza kumtumia lilimrudisha kwa kijiji. Gharama ya kumkuza na gharama ya kumuuguza zote mbili zililipwa na wakulima maskini, na faida ya miaka ya katikati ikaenda London na Hamburg. Tunasikia mara nyingi kwamba ukarimu wa kijiji cha Kiafrika ni sifa ya utamaduni wetu. Ni kweli, lakini tusisahau kwamba ukarimu huo huo ulitumiwa na mwenye shamba kama hospitali yake ya bure.

Dawa za nani?

Je, mkoloni hakuleta hospitali? Alileta, na watu wengi walipona kwa dawa zake. Hata hivyo tuulize zilijengwa wapi na kwa ajili ya nani. Zilianza kwa askari, maofisa na miji, kisha zikafuata mahali palipohitajiwa wafanyakazi. Malale yalipozuka kando ya Ziwa Viktoria, serikali za Ulaya ziliona hatari ya kupoteza watu wa kazi na wa kodi. Robert Koch, mtaalamu mashuhuri wa vijidudu, alikwenda visiwa vya Ssese, Uganda, katika miaka ya 1906 na 1907 akawatibu wagonjwa kwa dawa ya atoksili. Alipoongeza vipimo, baadhi yao walipofuka kabisa. Elimu ilipatikana kwa ajili ya dunia, na upofu ukabaki Ssese.

Walikuwapo maofisa waliojitahidi. Idara ya kazi ilianzishwa Tanganyika mwaka 1926 chini ya Orde-Browne, aliyepigania vituo vya kupumzikia wasafiri na ukaguzi wa makambi. Lakini bei za dunia zilipoanguka, idara hiyo ilifutwa mwaka 1931. Tunajifunza kwamba afya ya mfanyakazi ilipewa fedha pale wafanyakazi walipokuwa adimu, na ilinyimwa walipokuwa wengi.

Wafanyakazi wenyewe hawakukaa kimya. Wengi walitoroka, na kutoroka kulikuwa ndiyo njia ya kwanza ya kuulinda mwili. Katika miaka ya 1950 waliunda chama chao, na migomo ya mwaka 1958 na iliyofuata iliyatikisa mashamba ya Tanga. Mishahara mizuri zaidi na nyumba za familia zilizoonekana baadaye zilitokana na migomo hiyo.

Baada ya Uhuru

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifuatwa na kutaifishwa kwa sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka 1977 matibabu ya kibiashara yalipigwa marufuku. Mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu, sheria iliwataka waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi kuwapa walemavu nafasi mbili katika kila mia.

Hatua hizo zilikuwa na maana kubwa, maana zilikataa kwamba uzima ni bidhaa. Lakini hatuwezi kudanganyana. Nyuzi za plastiki ziliivunja bei ya mkonge, mashamba yakaingia msituni, na uchumi wa taifa ukayumba. Hospitali za biashara ziliruhusiwa tena mwaka 1991, na mwaka 1993 wananchi walianza kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za serikali. Kwa mara nyingine mgonjwa maskini alipiga hesabu mlangoni kabla ya kuingia. Zimekuja sheria nyingine tangu hapo: ile ya fidia ya mwaka 2008, ambayo mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015, na ile ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010, iliyoongeza nafasi za kazi kuwa tatu katika mia. Hata hivyo wapo vijana wanaochimba madini kwa mikono, wakivuta vumbi la mawe kama wazee wao walivyovuta vumbi la mkonge, na ambao hawana mwajiri wa kudaiwa.

Ndiyo maana tunaona inafaa mwalimu wa historia awapeleke wanafunzi wake kwa wazee waliowahi kuwa manamba, au kwa watoto wao. Wasiwaulize tu walikata matita mangapi. Wawaulize ni nani aliyeugua kambini, aliuguzwa na nani, na alirudi nyumbani kwa nauli ya nani. Majibu hayo hayamo katika ripoti za wenye mashamba, na wanaoyajua wanazidi kupungua kila mwaka.

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Kwa kawaida tunaitumia methali hii kumwonya mtu asimcheke mlemavu, kwani hajui naye atapatwa na nini kesho. Historia ya mkonge inatufundisha kuiongezea maana. Yanayompata mtu kesho hayaletwi na majaliwa peke yake. Mara nyingi huletwa na jinsi watu walivyoipanga kazi leo: saa zake, vumbi lake, mashine zake na ujira wake. Na kilichopangwa na watu, watu wanaweza kukipanga upya. Siku tutakapopima maendeleo ya shamba au kiwanda kwa kuulizana kwanza, kama wazee walivyofundisha, "Watu hawajambo?", ndipo tutakapokuwa tumeurudishia uzima maana yake.